Unga wa Ndani ya Soksi

Kinu cha Walter kilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua mia na ishirini kutoka kinu cha Wepukhulu, na Wepukhulu alizijua hatua hizo kwa sababu alikuwa amezitembea mara nyingi bila kazi yoyote ya kumpeleka huko. Anatoka mlangoni, anasimama, anatazama ng'ambo, anarudi ndani, anapangusa mashine isiyo na vumbi, anatoka tena. Mkewe Nelima alimwambia akae chini hata kidogo, asije akatoboa sakafu. Hakukaa. Angekaaje, na mashine ya yule bwana ilikuwa inanguruma tangu saa moja asubuhi, na yake imenyamaza?

Hii ilikuwa Kondele, mwaka wa sabini na tatu, mwezi wa Agosti. Yaani mavuno! Fikiria aibu hiyo. Wakati ambao kila nyumba ina mahindi mapya, mtama umekauka, muhogo umeanikwa mpaka juu ya mapaa, na mwenye kusaga hatakiwi kupata hata nafasi ya kujikuna. Kwa miaka minane akina mama walikuwa wakipanga debe na vikapu vyao kwa Wepukhulu, kutoka mlangoni mpaka kando ya barabara. Walter akafungua kinu mwezi wa Juni. Kufika Agosti foleni yote ilikuwa imevuka, na kwa Wepukhulu walibaki kuku waliozoea kudonoa punje mlangoni.

Na mashine yenyewe haikuwa yake. Yeye alikuwa fundi wa kuajiriwa tu. Mwenyewe alikuwa Mzee Joram, tajiri wa Sondu, mtu mnene wa maneno machache, aliyekuja mara moja kwa mwezi na lori lake. Mwisho wa Julai alikuja, akasimama katikati ya kinu kilichonyamaza, akazungusha macho.

"Foleni iko wapi?"

"Watu wako mashambani, Mzee."

"Na wale wa ng'ambo ni miti?"

Wepukhulu akaanza kupangusa mashine.

"Narudi tarehe thelathini na moja Agosti," Mzee Joram akasema. "Nikikuta foleni, mashine inakaa. Nikikosa, naing'oa naipeleka Sondu. Kule niko na mtoto wa dada yangu, anajua kusaga. Wewe utajua pa kwenda."

Pa kwenda! Chumba walimolala yeye na Nelima na watoto watatu kilikuwa nyuma ya kinu, na ikiondoka mashine, na chumba kimeondoka. Shamba la baba yake kule Kimilili lilikuwa limekwisha kugawanywa kwa ndugu waliobaki nyumbani, na hakuna aliyemwekea hata kipande cha kujengea choo. Wepukhulu alijua kazi moja duniani, nayo ni kusaga. Kwa hiyo usimshangae kwamba alikosa usingizi.

Akaanza kutafuta dawa. Kwanza alisema ni chekeche. Akaondoa lile la zamani, akaweka la matundu madogo zaidi, unga ukatoka laini mpaka unapepea. Hakuna aliyekuja kuuona. Akasema labda ni sura ya mahali. Akapaka ukuta chokaa, akaandika kwa rangi ya buluu, herufi kubwa: KARIBUNI WATEJA. Wateja waliyasoma maandishi hayo vizuri sana, wakiwa wamesimama kwenye foleni ya Walter. Akanunua peremende za watoto. Watoto wakaja mbio, wakapokea, wakavuka barabara kuwafuata mama zao.

"Ni ukabila," akamwambia Nelima. "Mimi jamwa, mtu wa kuja. Yule ni mtoto wao."

"Ulikuwa jamwa miaka minane yote, na walikuwa wanakuja," Nelima akamjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Alikuwa mwanamke wa kusema jambo mara moja tu, halafu anakuacha uhangaike nalo mwenyewe.

Nyumba moja tu haikuhama, ya Mama Apiyo, mjane aliyekuwa mkubwa wa akina mama wa kanisa alilosali Wepukhulu. Kila Jumatatu na Ijumaa alimtuma Adero, mke wa mwanawe, na kikapu cha mtama kwa Wepukhulu. Wenzake walimwambia aende kwa Walter, unga wa kule unajaa. Mama Apiyo aliwakatiza. Mtu anayeomba kanisani kwa machozi vile, alisema, hawezi kumpunja mjane.

Jumamosi moja Wepukhulu akashindwa kabisa. Akachukua debe la mahindi aliyoletewa kutoka Kimilili, akavaa kofia, akaivuta mpaka kwenye nyusi, akavuka barabara. Fundi wa kinu anakwenda kusagisha kwa jirani! Alijiambia kwamba anakwenda kuchungulia mashine tu. Lazima yule bwana alikuwa na mashine mpya kutoka Nairobi.

Hapakuwa na mashine mpya. Ilikuwa kuukuu kuliko yake, imefungwafungwa kwa waya, inakohoa. Unga ulitoka na chenga. Walter mwenyewe, mtu mwembamba wa miaka thelathini hivi, alikuwa mzito wa mikono mpaka Wepukhulu alitamani kumsukuma pembeni afanye yeye. Foleni ilikwenda polepole, jua lilikuwa kali, na hata hivyo akina mama walikaa juu ya debe zao wakipiga gumzo, hakuna aliyenung'unika. Wepukhulu akazidi kuchanganyikiwa. Wanapenda nini hapa?

Akakiona alipokuwa wa tatu kutoka mbele.

Asiyekijua kinu cha unga ni lazima aelezwe kidogo. Nafaka inaingia juu, inasagwa, na unga unasukumwa na upepo ndani ya mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia, ambao watu waliuita soksi. Mdomo wa soksi unafungwa kwenye chombo cha mteja. Nafaka ikiisha, unga mwingi unakuwa umeshuka, ila si wote. Kiasi kinabaki kimeshika kwenye kitambaa na mikunjo yake, na hakishuki mpaka mtu aipige soksi.

Walter aliipiga. Kwa kila mteja alichukua fimbo, akaipiga soksi juu, katikati na chini, unga ukaporomoka. Kisha akaufungua mdomo wa soksi, akasema, "Tia mkono, Mama. Ukikuta unga, ni wako." Na mama akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akautoa mtupu. "Umekwisha," akasema, akabeba mzigo wake. Wa pili hivyo hivyo. Wakati wote huo foleni inangoja, na Walter hana haraka.

Zamu ya Wepukhulu ilipofika, Walter alimtazama chini ya ile kofia.

"Karibu, Bwana Wepukhulu," akasema, kwa heshima kabisa, bila kejeli. Akamsagia. Akaipiga soksi. "Tia mkono."

"Hakuna haja."

"Kila mtu hapa anatia mkono."

Nyuma yake alisimama Dorca, mama wa chapati pale njia panda, mwenye mdomo usiofungwa kwa kufuli. "Tia, fundi," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ujue soksi tupu iko namna gani. Kwako hatujawahi kuiona."

Wakacheka, jamani, foleni nzima. Wepukhulu akatia mkono. Ndani mlikuwa na joto na kitambaa kitupu. Akabeba debe lake akaondoka, masikio yanawaka.

Nelima naye alicheka kwanza, alipoona mumewe anarudi na unga kutoka kwa Walter. Kisha akamsikiliza, na kicheko kikakatika.

"Na wewe huwa huipigi?"

"Naipiga mara moja, kidogo. Unga unaobaki naukung'uta jioni nikifunga."

"Ndiyo ule unga unaoniletea?"

"Ni haki ya fundi, Nelima! Kila kinu kiko hivyo. Mzee aliyenifundisha Kitale alikuwa hivyo. Na huyu Joram aliponiandika kazi alinipunguzia mshahara akasema, unga utakula hapo hapo. Si nilikwambia?"

"Uliniambia ni unga wa mwenye mashine. Hukuniambia umetoka kwenye kikapu cha mtu." Akaufunua mtungi, akachota konzi, akaitazama. Mweupe wa mahindi, mwekundu wa mtama, wa kijivu wa muhogo, wote pamoja. "Miaka minane najiuliza kwa nini ugali wetu una rangi tatu. Kama ni haki yako, mbona hukuchukua mbele yao?"

Wepukhulu akaufunika mtungi. Na usiku ule alipokuwa anajigeuza kitandani, jambo jingine likamjia, baya kuliko la kwanza. Soksi ilishika kiasi kile kile kwa kila mtu. Mwenye gunia hakuona upungufu. Mwenye kikapu kidogo, mjane, mwenye kusaga cha siku mbili, huyo ndiye aliyeacha sehemu kubwa ya chakula chake mle ndani. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa na kidogo. Aliona haya, haya ya kweli, mpaka akaketi gizani.

"Kuanzia Jumatatu naipiga," akasema.

"Na sisi tutakula nini?" Nelima akauliza. Kumbe hakuwa amelala.

"Tutanunua, kama watu."

Jumatatu asubuhi mteja wa kwanza, na wa pekee, akaja. Hakuwa Adero. Alikuwa Mama Apiyo mwenyewe, na kikapu chake na mkebe wa kupimia, uso umekunjamana.

"Leo nimekuja mwenyewe," akasema.

"Karibu, Mama. Adero ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa."

Wepukhulu akamsagia kwa bidii ya mtu anayeanza maisha upya. Akaipiga soksi juu, katikati na chini, mpaka kitambaa kikalegea. Akamwomba atie mkono. Mama Apiyo akatia, akatoa. Kisha akachukua mkebe wake, akaanza kupima unga pale pale. Mmoja. Wa pili. Wa tatu ukajaa mpaka ukamwagika pembeni. Akaketi juu ya gunia.

"Mikebe mitatu," akasema.

"Ndiyo, Mama." Wepukhulu alikuwa anatabasamu, masikini, akingoja ashukuriwe.

"Mitatu nilipima nyumbani, mitatu imetoka. Na Adero huniletea miwili na nusu! Mwaka wa pili huu. Nikimwuliza, anaapa kwamba ndivyo mashine inavyotoa. Ameapa mpaka kwa jina la mtoto wake! Kumbe nalisha mwizi nyumbani kwangu."

Tabasamu likamkauka Wepukhulu usoni.

"Mama..." akaanza.

"Usimtetee. Wewe una moyo mzuri, unataka kumtetea kila mtu. Nimejionea mwenyewe."

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache, hata mtoto angeyaweza. Mama, si yeye, ni mimi. Wepukhulu aliyahisi kabisa kwenye ulimi. Lakini pia aliliona lori la Sondu limesimama mlangoni, na vyombo vya Nelima vimewekwa nje kwenye vumbi. Akafunga mdomo. Akamsaidia mama wa watu kujitwika kikapu, akamwambia aende salama.

Jumatano, Nelima akarudi kutoka bombani na ndoo imejaa nusu tu. Hakungoja ijae, kwa habari aliyoisikia kule. Adero amefukuzwa. Amepanda basi la Pap Onditi, kwa wazazi wake, na mtoto mgongoni, na mumewe hakumsindikiza hata stendi.

"Nenda ukaseme," Nelima akamwambia.

"Nitasema. Mwezi uishe tu."

"Mwezi uishe?"

"Siku kumi na sita, Nelima! Tarehe thelathini na moja ikipita nitakwenda mwenyewe kwa magoti. Nikisema leo, nani atakuja tena hapa? Watoto utawalaza wapi?"

Nelima akaenda kuweka ndoo. Hakusema tena. Angesema tena ingekuwa nafuu.

Na sasa sikia vituko vya dunia. Foleni ikaanza kurudi. Mama Apiyo alikuwa amesimama mbele ya akina mama wa kanisa akawaambia wazi: mashine ya Wepukhulu haina neno, yeye amepima kwa mkono wake, na mwenye kupungukiwa unga aangalie anamtuma nani. Mama akisema, watu husikia. Kila nyumba ilikuwa na binti au mke wa mtoto anayebeba kikapu, na kila mtu akamkumbuka wake. Wakarudi wawili, wakarudi watano. Wakakuta unga laini, mashine ya haraka, na fundi anayeipiga soksi mpaka jasho linamtoka na kusema, "Tia mkono, Mama."

Maana hapo sitamnyima haki yake: alibadilika kweli. Alifagia mlango kabla ya alfajiri. Aliweka benchi kivulini kwa wazee na wenye mimba. Baada ya mtama wa mtu hakutia mahindi ya anayefuata kabla ya kukung'uta kila kitu, unga mweupe usije ukatoka na wekundu. Mwenye kikapu kidogo alimsagia kwanza, wenye magunia wakangoja, na wala hawakukasirika. Mikono ikazoea. Ikafika mahali fimbo inakwenda yenyewe, juu, katikati, chini, hata akiwa anazungumza.

Ila raha hakuipata. Kila mtu aliyemsifu alimchoma. Akisikia jina la Adero kwenye foleni, na alilisikia kila siku, anaacha kazi anatoka nje, anarudi hajui alitoka kufanya nini. Nyumba mbili zaidi zilikuwa zimewapiga mabinti zao kwa sababu ya unga wa zamani. Alikula unga wa kununua, mweupe safi, asisikie utamu. Na Dorca, ambaye alikuwa amerudi kwa sababu Walter alimweka mpaka jua kali na chapati zinangoja, alikuwa na tabia ya kutia mkono ndani ya soksi huku anamtazama Wepukhulu machoni.

"Mimi binti sina," alimwambia siku moja kwa sauti ya chini. "Kikapu changu nilijibebea mwenyewe miaka yote. Sema nami nilikuwa najiibia."

Wepukhulu akajifanya hasikii kwa sababu ya mashine.

Tarehe thelathini na moja ilikuwa Ijumaa. Kufika saa nne foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imekata kona, imefika kwa fundi wa baiskeli. Lori la Mzee Joram likaingia na wapakiaji wanne nyuma, na spana zao tayari. Mzee akashuka. Akaitazama foleni kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akacheka, jambo ambalo Wepukhulu hakuwahi kuliona.

"Sasa hii ndiyo kazi," akasema, akampiga bega. "Mashine inakaa. Hata nitakuongezea nyingine ya kupukuchua."

Inakaa! Mama Apiyo, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na kikapu chake, akapiga makofi akamshukuru Mungu. Nelima alisimama kwenye mlango wa nyuma, na yeye hakupiga makofi.

Mteja aliyefuata akaweka kikapu chini. Wepukhulu akainama kukichukua, akaona miguu yenye vumbi la safari, akainua macho. Alikuwa Adero.

Alikuwa amekonda. Alikuwa peke yake, ameshika mkebe wa kupimia. Gumzo likafa, kutoka mbele likienda nyuma, mpaka ikabaki mashine tu. Mama Apiyo aligeuza uso upande wa pili.

"Huu mtama ni wa baba yangu, kutoka Pap Onditi," Adero akasema. Hakuwa na sauti kubwa, ila kila mtu alimsikia. Akapima mbele yao, mkebe mmoja, wa pili, wa tatu, akamimina kikapuni. "Mitatu. Nyote mmeona."

"Tumeona," Dorca akasema.

"Nisagie, fundi. Lakini usinisagie kama unavyosaga siku hizi. Nisagie kama ulivyokuwa unanisagia mimi."

Wepukhulu akamtazama. Ilikuwa rahisi sana. Angesema, mimi nasaga hivi hivi siku zote, akachukua fimbo, akaipiga soksi, mikebe mitatu ikatoka, na Adero akarudi Pap Onditi akiwa mwizi mpaka kufa kwake. Mzee Joram alikuwa anamtazama kwa tabasamu la mtu aliyeridhika. Lori lilikuwa limezimwa. Wepukhulu alimtafuta Nelima kwa macho, akamwona ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Akamimina mtama. Mashine ikasaga, unga mwekundu ukashuka. Mlio ulipobadilika, ishara kwamba nafaka imekwisha, mkono wake wa kulia ukaifuata fimbo wenyewe, kwa mazoea ya wiki mbili zile. Ilimbidi aushike kwa mkono wa kushoto. Akaigusa soksi mara moja, kidogo, kama zamani. Akafungua mdomo wake, akampa Adero kikapu.

Adero akapima. Mmoja. Wa pili. Wa tatu ukafika katikati, ukaishia hapo. Akauinua mkebe juu ili hata walio nyuma waone.

"Na nusu nyingine iko wapi?"

Wepukhulu akachukua fimbo sasa. Akapiga juu, katikati, chini, na unga ukamwagikia mikononi, mwekundu, wa mtama ule ule, konzi baada ya konzi. Akamjazia mkebe. Ulijaa.

"Iko hapa," akasema. "Siku zote ilikuwa hapa. Nilikuwa naikung'uta jioni, nakula na watoto wangu. Ya kwako, na ya hawa wote."

Mzee Joram akawa wa kwanza kusema. "Wewe! Nani alikutuma? Mimi sikumtuma huyu, mnasikia? Mimi sikujua!"

"Ulinipunguzia mshahara, Mzee, ukasema unga nitakula hapa hapa," Wepukhulu akasema.

"Hukujua ulimlipa nusu mshahara na nusu unga wetu?" Dorca akamwuliza. Mzee Joram akageukia lori lake.

Lakini Adero hakuwa na habari na Mzee Joram. Macho yake yalikuwa kwenye benchi, kwenye mgongo wa Mama Apiyo, ambaye alikuwa bado amegeuka, anazungusha ncha ya leso yake kwenye kidole.

"Sema tena," Adero akamwambia Wepukhulu. "Mama hajasikia. Zima mashine useme tena. Na useme kwa Dholuo, asije akasema hakuelewa."

Wepukhulu akazima mashine. Miaka minane Kondele ilikuwa imempa Dholuo ya kusalimia na kupanga foleni, lakini maneno haya aliyajua, maana alikuwa amelala nayo kila usiku. Akaenda mpaka kwenye benchi, akasimama mbele ya yule mama, mikono yake bado myekundu kwa unga.

"An ema ne akwalo, Mama," akasema. Mimi ndiye niliyeiba. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Adero alikwambia kweli. Nilijua siku ile ile, nikanyamaza."

Nyuma yake foleni ilianza kuvunjika. Debe zikainuliwa moja moja, bila matusi, na hilo lilikuwa baya zaidi, zikavuka barabara. Mwanamke mmoja, mmoja wa waliompiga binti yake, aliacha mahindi yake chini akakimbilia nyumbani kwake. Mzee Joram akawapigia wapakiaji mluzi. Wakaruka chini, na spana ya kwanza ikaanza kugonga bolti za sakafuni. Nelima aliingia ndani, akasikika anatoa vyombo kwenye rafu, bila haraka, kimoja kimoja.

Mama Apiyo akashika ukuta, akainuka, akampita Wepukhulu bila kumtazama, akajikongoja mpaka pale Adero aliposimama. Watu wachache waliobaki wakafikiri atasema kitu. Akainama, mama mzima wa miaka sabini, mkwe mbele ya mke wa mwanawe, akakishika kile kikapu cha unga wa Pap Onditi. Adero akashtuka, akanyoosha mikono kumzuia. Mama Apiyo akaitoa mikono yake polepole, akajitwika kikapu kichwani, akashika njia ya nyumbani.

Adero alimfuata, mikono mitupu, analia waziwazi. Njia ile ni ya kupanda, na Mama Apiyo alisimama mara mbili kupumzika. Watu walikuwa wengi barabarani, na hakuna aliyethubutu kumpokea mzigo.